Mzani wa Pamba na Kiti cha Baraza: Maisha ya Paul Bomani

Kamati ya jarida letu imeniomba niandike habari za mtu mmoja mashuhuri wa huku kwetu Ziwani ambaye hayupo tena duniani. Niliachiwa hiari ya kuchagua. Nimemchagua marehemu Paul Bomani, na sababu si kwamba nilimfahamu, maana sikuwahi hata kumpa mkono. Sababu ni kwamba nina deni naye, na deni hilo nililipata hapa hapa shuleni mwaka 1973, nikiwa kidato cha tatu, usiku wa Jumamosi, katika bwalo la chakula.

Wale wa rika langu watakumbuka midahalo ya Jumamosi. Usiku ule hoja ilikuwa kwamba Waafrika walioteuliwa na Gavana kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria walikuwa vibaraka wa mkoloni. Mimi nilikuwa upande wa kuunga mkono, na nilizungumza kwa nguvu kwelikweli. Nilisema kwamba mtu anayepewa kiti na bwana hawezi kumkemea bwana. Nilitaja majina, na la Bomani lilikuwamo, kwa kuwa ni mtu wa kwetu na nilijua bwalo zima litasisimka. Tulishinda kwa kura nyingi mno. Wenzangu walinibeba juu juu mpaka bwenini.

Likizo ilipofika nikaenda nyumbani, kijijini kwetu, mwambao wa Ghuba ya Speke, nikamsimulia mzee wangu ushindi ule. Baba alikuwa mkulima wa pamba maisha yake yote, mtu asiyesema mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaingia ndani, akatoka na kopo la bati ambalo zamani lilikuwa la biskuti, akamimina mkekani stakabadhi za pamba. Zilikuwa za miaka mingi, nyingine zimeliwa na mende. Akanitaka nisome tarehe na uzito wa kila moja, kwa sauti, kama mtoto wa darasa la pili. Ilichukua karibu mchana mzima. Nilipomaliza akaniuliza kama nimeona kitu. Sikuwa nimeona kitu, na alinyamaza mpaka kesho yake asubuhi ndipo akanieleza.

Maelezo yake yalikuwa ya mzani. Zamani, kabla ya ushirika, mkulima alifunga pamba yake, akaibeba kichwani au kwa baiskeli, akaipeleka kituo cha kununulia. Mnunuzi alikuwa na mzani wake, na mwenye kuusoma ni karani wake. Mkulima asiyejua kusoma aliambiwa ratili kadhaa, akapokea fedha, akaenda zake. Baba yeye alijua kusoma. Mara moja alipima mzigo nyumbani kwa mzani wa kuazima akapata ratili 62, na kituoni akaambiwa ni 55. Alipouliza, alijibiwa kwamba kama hataki aurudishe nyumbani. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, na kodi ilikuwa inadaiwa. Akauza. Mnunuzi huyo simtaji, na baba hakunitajia jina lake hata siku moja. Tena alinionya nisiwaweke Wahindi wote katika kapu moja, kwani ada yangu ya shule ya msingi ililipwa mwaka mmoja kwa mkopo wa mwenye duka wa Kihindi ambaye hakutoza riba.

Sasa nije kwa huyo aliyeleta mzani mwingine.

Paul Bomani alizaliwa mwaka 1925 huko Ikizu, upande wa Musoma, baba yake akiwa mhubiri wa Kiadventista. Alisoma Nassa, kisha chuo cha ualimu cha Ikizu. Ualimu haukumweka. Kuanzia mwaka 1945 alikuwa karani wa hesabu katika mgodi wa almasi wa Williamson kule Mwadui, na mwaka 1947 akaja Mwanza mjini kuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara wa Kiafrika. Wenye maduka hao walikuwa wadogo na mitaji yao midogo zaidi. Lakini katika kazi ile kijana wa miaka ishirini na miwili alijifunza kuandika daftari la chama, kuendesha mkutano, kusoma sheria ya vyama vya ushirika, na kumwandikia barua Bwana Mkubwa wa Jimbo bila kutetemeka.

Mwanza ya wakati ule ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Ziwa, jimbo kubwa lililoshika Bukoba, Musoma, Shinyanga na Usukuma wote. Reli ilikuwa imefika tangu 1928. Utajiri wake ulikuwa pamba, na pamba ililimwa na Waafrika, ikanunuliwa, ikachambuliwa na kusafirishwa na watu wengine. Vinu vya kuchambulia vilikuwa karibu vyote mikononi mwa Waasia. Mkulima hakuwa na sauti kuanzia pale alipofunga mzigo wake.

Karibu na mwaka 1950 Bomani na wenzake walianza kuzunguka mwambao na bara, Ukerewe, Geita, Kwimba, wakiwaita wakulima chini ya miti. Hawakuanza kwa kudai Uhuru, walianza kwa kudai mizani. Walishauri kwamba kila kituo wakulima waweke mzani wao wenyewe na mtu wao wa kuusoma, ili mtu apime pale kwanza kabla ya kwenda kwa mnunuzi. Jambo lenyewe lilikuwa dogo namna hiyo. Baba alisema msimu wa kwanza wa mzani ule, uliotundikwa kwenye mkuyu, watu walipanga foleni wengine bila pamba, wakitaka kuona tu. Kutokana na kazi hiyo kikatoka chama cha wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa, na baada yake vyama vya msingi vya ushirika vilivyoandikishwa kwa sheria, vikaanza kununua pamba ya wanachama vyenyewe. Bomani mwenyewe alikwenda Uingereza, Loughborough, mwaka 1953 hadi 1954, kusomea ushirika. Mwaka 1955 vyama vyote viliunganishwa katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, ambalo wengi walilijua kwa herufi zake tu, VFCU, naye akawa meneja mkuu. Mwaka 1956 Shirikisho lilikuwa na kinu chake cha kwanza cha pamba, Kasamwa, huko Geita. Kufika 1959 pamba yote ya Jimbo ilipita mikononi mwa ushirika, na watu walikuja kutoka nchi za mbali kuutazama, maana katika Afrika nzima vyama vikubwa kama hicho vilikuwa vya kuhesabika.

Na ni mtu huyu, mwenye mzani huu nyuma yake, ambaye katikati ya miaka hiyo ya 1950 Gavana alimteua kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria.

Hapa lazima nieleze Baraza hilo lilikuwa kitu gani, kwa sababu vijana wa leo wanadhani lilikuwa Bunge dogo, na sisi wa 1973 tulidhani lilikuwa mchezo wa kuigiza. Halikuwa lolote kati ya hayo.

Lilifunguliwa mwaka 1926, wakati wa Gavana Sir Donald Cameron. Wajumbe walikuwa wa aina mbili. Upande mmoja walikaa wakuu wa idara za Serikali, ambao kura zao zilikuwa za Gavana. Upande wa pili walikaa wajumbe wasio wa Serikali. Nao hawakuchaguliwa na mtu yeyote, waliteuliwa na Gavana, wakala kiapo, na walipomaliza muda wao aliweza kuwateua tena au kuwaacha. Wa kwanza walikuwa saba: Wazungu watano na Wahindi wawili. Mwafrika hakuwapo hata mmoja. Sababu iliyotolewa ni kwamba hakupatikana Mwafrika mwenye Kiingereza cha kutosha kushiriki, na kwamba maslahi ya Waafrika yangeangaliwa na maofisa wa Serikali wenyewe. Wakati huo huo Martin Kayamba, karani mkuu wa Tanga, alikuwa akiandika Kiingereza ambacho wengi wetu tuliotoka kidato cha nne tungekionea wivu, na mwaka 1931 alipelekwa London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Kwa London Kiingereza chake kilitosha, bali kwa Dar es Salaam hakikutosha.

Miaka kumi na tisa ilipita hivyo. Mwishoni mwa 1945, vita vikiwa vimekwisha, Waafrika wawili wa kwanza waliteuliwa: Mtemi Kidaha Makwaia wa Usiha, Shinyanga, na Mangi Abdiel Shangali wa Machame. Kidaha alikuwa kijana, msomi wa Makerere, na mtu wa Jimbo letu la Ziwa. Baadaye wakafuata Mtwa Adam Sapi Mkwawa na mwalimu Juma Mwindadi wa Dar es Salaam. Tazama orodha hiyo: watawala watatu na mwalimu mmoja. Serikali ilipomtafuta Mwafrika wa kuketi naye ilitazama kwanza palipo na kigoda.

Mwaka 1955 Baraza lilipanuliwa. Upande usio wa Serikali ulipewa viti 30: kumi vya Waafrika, kumi vya Waasia, kumi vya Wazungu. Upande wa Serikali ulipewa 31, baadhi wakiwa raia wa kawaida waliokubali kwenda na Serikali katika kura. Hesabu hiyo inajieleza. Na usawa ule wa kumi kumi ulikuwa wa ajabu yake, kwani kwa hesabu ya watu ya 1957 Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, Waasia hawakufika 100,000, na Wazungu walikuwa kama 20,000. Jambo hilo liliitwa siasa ya mataifa mbalimbali kushirikiana, nalo ndilo lililokuwa fahari ya Gavana Twining.

Basi mjumbe aliyeteuliwa aliweza kufanya nini? Kushinda kura hakuweza, kama Serikali haikutaka ashinde. Lakini aliweza kuuliza swali, na Serikali ililazimika kulijibu, na jibu likachapwa. Aliweza kusimama wakati wa bajeti akataka kujua fedha za jimbo lake zimekwenda wapi. Aliweza kukaa katika kamati ya kuchunguza muswada, mahali ambapo sentensi moja ya sheria huondolewa au huongezwa bila kelele. Aliweza kuleta hoja. Na aliweza kuonana na wakuu wa idara ana kwa ana, jambo ambalo mkulima wa Nassa asingeota. Kazi yote ilifanywa kwa Kiingereza. Kutoka Mwanza mjumbe alipanda treni, akapita Tabora, akafika Dar es Salaam kwa safari ya siku mbili na zaidi, akakaa katikati ya watu waliokuwa wamezoeana kilabuni, halafu akarudi kuwaeleza watu ambao hawakuwa wamemtuma, ingawa walimwona kuwa wao.

Ndiyo maana nasema uzito wa mjumbe haukuwa katika kiti, bali katika kile alichokiacha nyumbani alipopanda treni. Walikuwapo wajumbe ambao nyuma yao palikuwa na barua ya Gavana tu. Nyuma ya Bomani palikuwa na maelfu ya wakulima wenye kadi za uanachama, na zao ambalo nchi ililitegemea kwa fedha za kigeni. Alipozungumza juu ya pamba, wakuu wa Serikali walijua kwamba wakimpuuza atarudi Mwanza na kuitisha mkutano halali wa chama halali kilichoandikishwa na Serikali yenyewe.

Neno hilo, halali, lilikuwa na thamani kubwa wakati ule huku kwetu, na hapa ndipo kiini cha habari yangu. TANU ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, na Jimbo la Ziwa lilikuwa na wajumbe wake katika mkutano huo. Kabla yake chama cha TAA kilikuwa na nguvu sana Mwanza, Bomani akiwa mmoja wa viongozi wake pamoja na watu kama Saadani Abdu Kandoro na Bhoke Munanka. Serikali iliogopa. Mwaka huo huo wa 1954 ilikataa kuandikisha tawi la TANU, na kwa miaka minne, hadi 1958, chama hicho kilikuwa marufuku Usukumani. Mahali pengine nchini watu walinunua kadi na kuimba mikutanoni, lakini hapa mtu aliyefanya mkutano wa TANU alikuwa mhalifu.

Fikirini hali ya Bomani katika miaka hiyo minne. Moyo wake ulijulikana uko wapi. Lakini alikuwa meneja wa Shirikisho ambalo Serikali ingeweza kulifutia uandikishaji kwa saini ya mtu mmoja, na alikuwa mjumbe aliyekula kiapo mbele ya Gavana. Wakati huo huo wakulima walikuwa na hasira na amri nyingi za kilimo, kulima matuta, kupunguza ng'ombe, kung'oa na kuchoma masalia ya pamba, ambazo watemi walilazimishwa kuzisimamia kwa faini. Kila mtu alimtaka awe mtu wake. Bwana Shauri alimtaka aupoze umati, na vijana wa siasa walimtaka auchochee. Yeye aliendelea kununua pamba na kupanda treni.

Kwa jicho la kijana wa 1973 huo ulikuwa woga. Baba aliliona vingine. Alisema kwamba katika miaka ile minne mkutano wa ushirika ndio uliokuwa mahali pekee ambapo watu mia tatu wa vijiji mbalimbali waliweza kukaa pamoja, kuchagua mwenyekiti kwa kunyoosha mikono, kumwondoa katibu mwizi, na kuhoji hesabu, bila askari kuja. Shughuli zile zilipokwisha, watu walikaa kidogo wakazungumza mambo mengine. Hakunieleza mambo gani, na haikuwa lazima. Kama Bomani angevunja kiapo kwa kishindo, Serikali ingepata sababu ya kukivunja chama, na mzani ungerudi kwa karani wa mnunuzi.

Lakini nisitetee kupita kiasi. Upande wa pili wa hoja ulikuwa na mtu mzito kuliko mimi wa bwaloni. Julius Nyerere, naye mtoto wa mwambao huu wa Ziwa, aliwahi kushika kiti cha kuteuliwa kwa muda mwaka 1954, badala ya Kidaha aliyekuwa katika kazi za Tume ya Kifalme. Mwaka 1957 Twining alimteua tena, pamoja na Rashidi Kawawa. Nyerere alikaa miezi michache, akapendekeza mambo ambayo aliyaona ni ya wastani, yakakataliwa, na Desemba 1957 akajiuzulu. Aliona kwamba kuendelea kukaa ni kuwadanganya watu wake kwamba kiti kinazaa matunda. Nchi nzima ilimwelewa. Bomani hakutoka pamoja naye. Aliendelea kukaa.

Nimelifikiri jambo hilo miaka mingi, nikiwa mwalimu wa uraia na hata baada ya kustaafu. Naona kila mmoja alifanya lililompasa kwa kile alichokuwa nacho nyuma yake. Nyerere alikuwa na chama cha siasa kilichokua kwa kukataa, na kiti kilimpunguzia. Bomani alikuwa na ushirika uliokua kwa kupata kibali cha kinu hiki, mkopo huu, bei hii, na kila kimoja kilipitia mlango wa Serikali. Mtu aliyewauliza wote wawili kitu kimoja aliwaonea. Hata hivyo nakiri kwamba kama wajumbe wote wangefanya kama Bomani, Waingereza wangeendelea kwa miaka mingi na kumi kumi zao.

Mwaka 1958 subira ilikwisha bila kuuliza ruhusa ya mtu. Serikali ilileta Geita baraza la wilaya la mataifa mchanganyiko, mahali ambapo Wazungu na Waasia walikuwa wachache kabisa. Ilikuwa ile ile hesabu ya Dar es Salaam, safari hii mlangoni pa mkulima. Watu walikataa. Walikusanyika kwa maelfu, wakavuka mpaka Mwanza mjini kulalamika, wakakaa, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Marufuku ya TANU iliondolewa mwaka huo huo, na mabaraza ya aina ile hayakusimama tena. Wazee wa Geita wangali wanadai, na wana haki, kwamba wao ndio walioiua siasa ya mataifa matatu huku Ziwani. Umati ule haukufanywa na mjumbe yeyote wa Baraza. Lakini wengi wao walikuwa wanachama wa ushirika, na walikwenda na kukaa kwa utaratibu kama watu waliozoea mikutano.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, kila mpiga kura akitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na TANU ikashinda kote. Bomani aliendelea Barazani, sasa akiwa mjumbe wa kuchaguliwa. Mwaka 1960 akawa Waziri wa Kilimo na Ushirika, na 1962 Waziri wa Fedha. Alikuwa katika kiti hicho mwezi Juni 1965, ilipotangazwa kwamba nchi zetu tatu za Afrika Mashariki zitaachana na sarafu ya pamoja na kila moja kuwa na benki yake kuu. Kwa mtu aliyeanza na daftari la wenye maduka wa Mwanza hiyo ilikuwa safari ndefu kwa miaka kumi na minane.

Kisha likaja jambo ambalo mimi nisingeliamini kama lingekuwa katika riwaya. Katika uchaguzi mkuu wa 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja, Waziri wa Fedha aliangushwa na wapiga kura wa nyumbani kwake. Wakulima wale wale. Zilikuwapo sababu nyingi, na kubwa ni ushirika wenyewe. Shirikisho lilikuwa limekua mno. Makarani waliongezeka, makato yakaongezeka, malipo yakachelewa, na vituoni watu wakaanza tena kunong'ona juu ya mzani, safari hii mzani wa chama chao. Mwaka uliofuata, 1966, Rais aliunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini, na Shirikisho la Victoria likavunjwa na nafasi yake ikashikwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza. Bomani mwenyewe alikuwa ameondoka kwenye umeneja tangu alipoingia Serikalini, lakini mkulima hakutofautisha. Jina lake lilikuwa ubaoni.

Rais Nyerere hakumwacha. Bomani alirudi Bungeni kwa mlango mwingine, si wa jimbo, akapewa wizara ya mambo ya uchumi na mipango ya maendeleo. Mjumbe aliyeingia kwa mkono wa Gavana, akaja akaingia kwa kura, akaondolewa kwa kura, alirudi akiwa si wa kura. Lau ningejua hilo usiku ule wa bwaloni ningelitumia vibaya sana.

Yaliyobaki nitayapita haraka, maana yamo katika kumbukumbu za nchi. Kuanzia 1972 alikuwa Balozi wetu Marekani kwa zaidi ya miaka kumi, kisha akarudi kuwa waziri tena katika miaka ya 1980. Kuanzia 1993 alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwatunuku shahada vijana, yeye ambaye chuo chake kilikuwa cha ualimu pale Ikizu na kile cha ushirika cha ng'ambo. Alifariki Aprili 2005, akiwa na miaka 80. Nduguye Mark, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, alimfuata mwaka 2020.

Nirudi kwa stakabadhi. Asubuhi ile baba alizipanga upya mkekani, za msimu mmoja pamoja na za msimu mwingine, akanionyesha kwa kidole. Shamba lilikuwa lile lile, ekari zile zile, mikono ile ile. Katika stakabadhi za mnunuzi mzigo wake haukupita ratili 57 hata mara moja. Katika za chama, tangu ya kwanza, haukushuka chini ya 60. Kisha akaniuliza nani alikuwa kibaraka wa nani, akazirudisha kwenye kopo, akaenda kuswaga ng'ombe. Nilirudi shule muhula uliofuata na sikumweleza mtu. Kapteni wa upande wa upinzani, ambaye kwa haki ndiye aliyestahili kubebwa usiku ule, yupo hai na atakuwapo kwenye mkutano wetu, nami nimeahidi kumwomba radhi mbele ya wote.

Baba alifariki zamani. Kopo liko kwangu, na stakabadhi zilizosalia ni 41. Nimezungumza na mkuu wa shule, naye amekubali ziwekwe katika kabati la kioo la maktaba, karibu na picha za timu za mpira. Nitazileta siku ya mkutano, na nawaomba vijana wa klabu ya historia waje na daftari, kwa sababu wino wake unafifia na mtu lazima azinakili mapema.